Safari ya Kondoa na Usukani Uliolegea

Mwezi wa Saba uliopita nilisafiri kutoka Dodoma kwenda Irangi kuchukua mahindi ya madrasa. Safari hiyo kwa desturi ni ya kwenda leo na kurudi kesho, nayo mara hii ilituchukua siku 5, na sababu yake ni kitu ambacho ukubwa wake haupiti ngumi ya mtoto. Nimeona niieleze, kwani nyumba nyingi katika nchi hii ya kati zina pikapu kuukuu, au huazima pikapu ya jirani, na yamkini baadhi yake zina maradhi kama ya ile yetu.

Pikapu yenyewe ni Land Rover 109, ile ndefu yenye bodi wazi nyuma, katika zile zilizoundwa baina ya mwaka 1971 na 1985. Mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, Mungu amrehemu, aliiweka wakfu kwa ajili ya madrasa, nasi tumeitumia kubeba maji, kuni, mahindi na majeneza. Siku ya Maulidi imekuwa ikibeba watoto nyuma, jambo ambalo sheria hailiruhusu, na sisi tulilifanya kila mwaka. Nalitaja kwa kuwa ndilo lililoninyima usingizi baadaye.

Usukani wake ulikuwa umelegea. Magurudumu yakiwa yamenyooka, mtu aliweza kuuzungusha upana wa vidole vinne kulia na vidole vinne kushoto, na magurudumu yasiwe na habari. Haukulegea siku moja. Mwaka wa juzi kilikuwa kidole kimoja, mwaka uliofuata viwili, na kila kidole kilipoongezeka mkono wa dereva uliongeza hila yake. Dereva wetu ni mzee aliyepita miaka 60, mtu mtaratibu asiye na haraka, na ukimtazama barabarani ulimwona akiutikisa usukani huku na huku bila kukoma, kama mwanamke apepetaye mchele. Sisi tuliokaa ubavuni mwake tulidhani ndivyo Land Rover inavyoendeshwa.

Si kwamba hatukuipeleka kwa fundi. Mwaka jana tulimpelekea fundi mmoja mjini. Akafunua boneti, akakaza skrubu iliyo ubavuni mwa sanduku la usukani, akapokea ujira wake, na kazi yote haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Miezi miwili usukani ulitulia, ingawa ulikuwa mzito. Kisha ulegevu ukarudi, na uzito ukabaki palepale.

Tuliondoka siku ya Jumamosi baada ya sala ya Alfajiri, watu wanne tumebanana mbele: dereva, mimi, na wanafunzi wawili, mmoja wa miaka 12 na mwenziwe wa 14, waliokuja kutusaidia kupakia. Mwezi wa Saba Dodoma ni baridi na upepo mkavu. Mji umeinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na mvua zake ni za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili. Zikiisha, nchi yote hugeuka rangi ya ngozi ya simba. Tulipita Msalato, tukapita Makutupora penye visima vinavyonywesha mji, na njia nzima nilikuwa nikitazama nyumba mpya mahali nilipokuwa nikiona mtama. Shauri la kuifanya Dodoma makao makuu ya nchi lilikatwa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi tuliliona kama ahadi ya mkopaji. Ni tangu mwaka 2016 serikali ilipoanza kuhamia kwa kweli ndipo mji ukatanuka hivi.

Baada ya Mayamaya nyumba hupungua, na nchi yenyewe ndiyo husema: mibuyu isiyo na jani hata moja, miamba mikubwa iliyopandana kama iliyopangwa na mikono, na mbuzi waliosimama kwa miguu ya nyuma wakitafuta majani juu ya miiba. Barabara hii ndiyo ile Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo Waingereza waliihesabu katika njia yao ya kutoka Cape hata Cairo. Nilipokuwa kijana, nikienda Kondoa kusoma Qur'ani, basi lililala njiani masika, na kiangazi tulifika wekundu wote, kofia na kope. Mwaka 2018 lami ya kutoka Dodoma hadi Babati ilizinduliwa rasmi, na sasa mtu hufika Kondoa, mwendo wa kilomita 160 hivi, kabla chai ya asubuhi haijamtoka tumboni.

Lakini lami ina jambo lake. Malori makubwa yakitupita, upepo wake uliisukuma pikapu pembeni, na mzee wangu akawa anapepeta mchele wake kwa nguvu zaidi. Nilimuuliza kama kuna tatizo. Akanijibu, "Hakuna, Maalim, nimeizoea." Nami nikaridhika na jawabu hilo. Dua ya safari tulikuwa tumekwisha kuisoma, na mtu aliyekwisha kusoma dua huona haya kuuliza mara ya pili.

Tulikunywa chai Chemba. Hapo, msomaji, ukikaa nusu saa tu kwenye benchi, utasikia lugha ambazo hazina udugu hata kidogo: Kirangi ambacho ni Kibantu kama Kigogo, Kiburunge chenye asili moja na lugha za Wakushi wa kaskazini, na Kisandawe chenye sauti za kugonga ulimi ambazo mgeni hazipati hata akijaribu mwaka mzima. Wote hugeukia Kiswahili wakifika kwenye bei.

Kondoa tuliipita adhuhuri baada ya kusali, tukaelekea Kolo, na hapo tukaiacha lami na kushika njia ya mashariki, tukipanda vilima vya Irangi kwenda kijiji cha wakwe zangu. Watu wa mbali huijua Kolo kwa michoro ya kale iliyo katika mapango yake, ambayo UNESCO iliitia katika urithi wa dunia mwaka 2006. Sisi wenye magari makuukuu twaijua kwa makorongo. Nchi hii iliharibika kwa wingi wa mifugo na kukatwa miti, udongo wake mwekundu ukachukuliwa na maji mpaka vilima vikabaki kama mbavu za ng'ombe mgonjwa. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wenyeji wauita HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa yote katika eneo lililoharibika. Baba mkwe wangu hulia mpaka leo akiisimulia siku ile ng'ombe walipotolewa, ingawa yeye mwenyewe hukiri kwamba majani yalirudi, na miti ikarudi. Makorongo lakini hayakujazika. Yapo, na njia hupita kandokando yake.

Wakulima wa kijiji walikuwa wametutengea magunia 8, zaka ya mavuno yao kwa watoto wasio na wazazi wanaolala madrasa. Tulilala huko, na Jumapili saa 4 asubuhi tukaanza kurudi na mzigo.

Njia hiyo hutambaa juu ya mgongo wa kilima, mchanga na kokoto, kushoto korongo. Tulikuwa tukiteremka, mwendo mdogo sana, mara ikatokea pikipiki mbele yetu, imempakia mama mwenye mtoto mgongoni. Mzee akageuza usukani kidogo kushoto ili ampishe. Pikapu haikutii. Akaongeza. Haikutii. Akaongeza tena, na hapo ule ulegevu ukawa umekwisha wote, gari likaruka kushoto kuelekea korongo. Akarudisha kulia, na vidole vinane vya bure vikapita kabla magurudumu hayajasikia. Tulisimama gurudumu la mbele likiwa shubiri moja kutoka ukingoni, na udongo ukimomonyoka chini yake taratibu. Pikipiki ilitupita ikikwaruza kioo cha pembeni. Yule mama akasema, "Poleni," kana kwamba ni sisi tu tuliokuwa hatarini.

Hapana aliyesema neno kwa muda. Kisha mwanafunzi mkubwa akasema, "Maalim, nilidhani gari halitaki." Mzee wetu akaweka paji la uso juu ya usukani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Maalim, miaka miwili nimekuwa nikiendesha kwa kubahatisha."

Tuliteremka sote isipokuwa yeye, tukatembea mbele ya pikapu mpaka njia ilipopanuka. Jioni tukaingia Kondoa kwa mwendo wa punda.

Asubuhi ya Jumatatu niliwapandisha wale watoto basi la kwanza la Dodoma, kisha tukaenda kwa fundi mmoja, Mrangi wa makamo, ambaye gereji yake ni mwembe na jeki mbili. Nilidhani atafunua boneti. Hakuifunua. Alitandika gunia chini ya gari, akalala juu yake, akamwambia mzee aketi na autikise usukani kulia na kushoto, injini imezimwa, magurudumu yamesimama chini kama kawaida. Kisha akaniita mimi. "Njoo ulale hapa, Maalim, uione kwa mkono."

Nililala na kanzu yangu. Akanieleza kwamba kutoka mkononi mwa dereva hata kwenye tairi, mwendo hupokezanwa kama ndoo za maji katika mstari wa watu. Usukani hulipa sanduku, sanduku hulipa mkono wa chuma, mkono hulipa ufito, ufito huipa nguzo fupi iliyo mbele ya chasisi ambayo mafundi waiita rilei, rilei hulipa ufito mwingine uendao kwenye gurudumu, na ufito wa tatu huyaunga magurudumu mawili yageuke pamoja. Kila ncha ya ufito ina boljointi, yaani goroli ndani ya kikombe. Fito tatu, boljointi sita. Akauchukua mkono wangu na kuuweka juu ya kila moja kwa zamu. Ya kwanza ilitulia. Ya pili, mzee alipotikisa, nilihisi upande mmoja ukienda na upande wa pili ukichelewa, kisha ukifuata kwa kugonga. "Hapo mwendo unaingia lakini hautoki," akasema. Zilikuwa tatu za namna hiyo, na ya nne ilikuwa imechanika kifuniko chake cha mpira. Vumbi la nchi yetu likiingia humo na kuchanganyika na grisi huwa msasa, na msasa hufanya kazi usiku na mchana, gari liendapo.

Kisha akainua gurudumu moja kwa jeki, akaweka gogo chini ya chasisi, kwani fundi huyu haamini jeki peke yake, akalishika gurudumu juu na chini na kulisukuma. Lilicheza kidogo. Akamwambia mzee akanyage breki, na mchezo ukatoweka. Maana yake, akanieleza, tatizo ni beringi za gurudumu na si pini ambazo gurudumu hugeukia. Lau lingeendelea kucheza na breki imekanyagwa, hesabu ingekuwa nyingine na fedha nyingine. Bolti zinazofunga springi na eksel zilikuwa na nati mbili zilizolegea. Rilei ilikuwa kavu, haina hata tone la oili.

Jambo la mwisho ndilo lililonishangaza. Alilegeza ile skrubu ya sanduku iliyokazwa Dodoma. Nikamwambia, "Fundi, sisi tumekuja kukaziwa." Akacheka. Skrubu ile, alisema, ina kazi yake ya kuondoa ulegevu wa ndani ya sanduku, tena kidogo, magurudumu yakiwa yamenyooka, lakini ulegevu wetu haukuwamo ndani ya sanduku. Aliyekaza alisaga vyuma vizima ili kuficha vyuma vibovu, na usukani uliokazwa kupita kiasi hukwama kwenye kona wala haurudi wenyewe. Ile miezi miwili mizuri ilikuwa ya kukopa.

Basi yalibaki mambo ya fedha, na hapa ndipo safari ilipokuwa nzito. Nilimpigia simu mwenyekiti wa kamati yetu. Naye ni mtu mwema, lakini aliniambia nimwombe fundi akaze skrubu, turudi polepole, kwani ni lami tupu, na mambo mengine yangengoja mpaka baada ya kuezeka darasa. Fedha ya mabati ilikuwepo, lakini waliotoa walitoa kwa ajili ya mabati. Nami siwezi kuigeuza sadaka ya mtu nia yake aliyoitolea. Mzee akashauri tuuze magunia mawili ya mahindi. Mahindi yale ni zaka, yana wenyewe, na pikapu si miongoni mwao. Nilikuwa na fedha moja tu mfukoni, nayo haikuwa yangu. Ilikuwa mtaji wa mke wangu, aliyenituma nimnunulie mbaazi na ufuta wa Kondoa auze sokoni Dodoma.

Nikampigia. Nilimweleza yote, na korongo, na yule mama wa pikipiki. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Hiyo ndiyo gari inayowabeba watoto wa Maulidi?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Chukua. Lakini sikiliza, Maalim, nakukopesha wewe. Sikopeshi kamati." Na wanangu wawili, msomaji, wamo katika hao wa Maulidi, hilo hakulitaja, wala mimi sikulitaja.

Boljointi nne zilitoka Arusha kwa basi kupitia Babati, zikafika Jumanne jioni. Siku hiyo ya kungoja niliizungukia Kondoa, nikakaa karibu na chemchemi, ambayo maji yake ndiyo yaliyowavuta watu kukaa hapa tangu zamani, na wazee barazani wakanisimulia vita vya Mei 1916, Wajerumani na majeshi ya Afrika Kusini walipopigania mji huu, na mvua ikawakatia Waafrika Kusini njia ya chakula mpaka farasi wao wakafa mmoja baada ya mwingine. Mzee mmoja akasema kwamba barabara hii imekuwa ikiwaumbua wenye haraka tangu zamani. Alikuwa akinitazama mimi.

Jumatano baada ya Alfajiri fundi akaanza kazi. Boljointi hutoka kwa shida, maana shina lake limejikaza ndani ya tundu kwa miaka. Hakuligonga kwenye nyuzi za nati. Alichukua nyundo mbili, moja akaiweka ubavu mmoja wa jicho la chuma na kwa nyingine akagonga ubavu wa pili, pigo moja, mawili, na shina likaanguka lenyewe. Alipozifungua kutoka kwenye ufito alinitaka nihesabu mizunguko, na nikahesabu kwa sauti kama niwasikilizishapo watoto sura zao: moja ilitoka kwa mizunguko 17, nyingine 19, na ya ncha ya pili ilifunguka kwa kuzungushwa kinyume. Mpya ziliingia kwa hesabu ileile, ili magurudumu yasipotee mwelekeo wake. Kila nati alitilia pini mpya. Ya zamani aliitupa mbali, nisije nikaiokota kwa ajili ya ubahili. Rilei aliitia oili ya gia na hakuifungua, akaniambia kwamba ndani yake mna springi iliyobanwa kwa nguvu, na asiyeijua akiifungua ovyo huruka kama risasi. Mwisho alipima nafasi baina ya magurudumu ya mbele kwa chaki na ufito wa mti, mbele na nyuma, akarekebisha mpaka mbele pakawa pembamba kuliko nyuma kwa milimita moja au mbili, akajaza upepo sawa pande zote.

Tulipotoka Kondoa nilimtazama mzee. Mikono yake bado ilikuwa ikipepeta, na kila ilipopepeta pikapu sasa ilitii, ikawa yatuyumbisha barabarani kama mlevi. Ilimchukua mpaka Chemba kuifundisha mikono yake kutulia. Baada ya hapo aliushika usukani kimya, na lori lilipotupita alitabasamu.

Usiku ule ule niliporudi sikumkuta mke wangu amelala. Aliuliza ufuta uko wapi, nami nikamwonyesha zile boljointi mbovu katika mfuko wa karatasi.

Ijumaa kamati ilikutana. Niliiweka moja mkekani katikati ya watu. Mwenyekiti akaiokota, akaitikisa, ikagonga, akaitikisa tena, kisha akampa wa pili yake, naye akampa mwingine, mpaka ikamzunguka kila mtu. Tuliandika deni katika daftari, tukaandika vilevile kwamba watoto hawatapandishwa nyuma tena, na Maulidi ijayo itakodiwa basi dogo. Juu ya hilo la pili palikuwa na ubishi mrefu, kwa kuwa basi ni fedha. Deni limelipwa nusu, na mke wangu huniuliza habari ya nusu iliyobaki kila Ijumaa. Ile boljointi ipo juu ya dirisha la darasa. Watoto wakipita huichukua na kuitikisa, wasikilize inavyogonga.